Koko, nani alikufa?

Kijana wa pikipiki aliyetupokea nje ya uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, alitutazama mara mbili. Mara ya kwanza aliyatazama mabegi, akapiga hesabu ya nauli. Mara ya pili alitutazama usoni, mimi kisha mama watoto, na hapo sura yake ikalegea na sauti ikashuka.

"Pole sana, koko. Nani alikufa?"

Majibu mawili yalinijia kwa mpigo, yakazibana njia, nikabaki kimya. La kwanza: hakuna aliyekufa. La pili: mimi si koko wako.

Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, koko ni babu, na ni bibi vilevile. Neno hilo la Kilingala limehamia katika Kiswahili cha Kisangani na halibagui mume wala mke. Nyumbani Bukavu naitwa "muzee", na hilo halinisumbui, maana kwetu hata mtu wa miaka thelathini huitwa muzee akiwa na gari au cheo. "Papa" nimelizoea tangu mtoto wetu wa kwanza. Koko ni kitu kingine. Hakinunuliwi wala hakiombwi. Unapewa na macho ya mtu usiyemjua, na hukumu yake haina rufaa. Nilikuwa na miaka 67, mke wangu 64. Ilikuwa Agosti 2022. Tulikuwa tumevuka Ziwa Kivu kwa boti hadi Goma, tukapanda ndege, na njia nzima, naapa, nilijiona kijana.

"Hakuna aliyekufa," mama watoto alimjibu. "Tumekuja kutembea."

Kijana akacheka kwa adabu, kama mtu anayedanganywa na mkubwa wake.

Swali lake tulilisikia tena kwa mlinzi wa hoteli, kwa mama aliyetuuzia ndizi katika soko kuu la Makiso, katikati ya mji, na kwa sista mmoja ambaye angalau aliliuliza kwa Kifaransa. Sikuwalaumu. Huku kwetu mzee hasafiri bila sababu, na sababu zenyewe zinahesabika: msiba, harusi, hospitali, hija kwa waliojaliwa, na kwenda kumpokea mjukuu mchanga. Tena huenda mmoja, mwingine akabaki na nyumba na kuku. Ukiona mume na mke wenye mvi wanashuka pamoja kwenye ndege, basi aliyekufa ni mtu mzito, au mmoja wao anapelekwa kwa daktari na mwingine ameshika faili. Wazungu wa umri wetu tumezoea kuwaona wawili wawili, kofia pana na viatu vya kamba, Zanzibar, Serengeti, hata kwa gorila wa Kahuzi-Biega karibu na kwetu, enzi za amani. Wao hatuwaulizi nani kafa. Tunadhani kutembea bure ni ugonjwa wa kwao.

Hata mji wenyewe umejengwa na wasafiri wenye shughuli. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, hakufika kwenye maporomoko haya kupunga upepo. Alifuata pembe na watu wa kuzibeba, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya liwali wa Stanley Falls, jina la mji huu wakati huo. Aliondoka mwaka 1890, mtu wa miaka hamsini na kitu, akarudi Unguja. Uzeeni alikaa akaandika maisha yake kwa Kiswahili, safari juu ya safari, na mwaka 1905 akafariki hukohuko. Nimeisoma habari yake zaidi ya mara moja. Nakumbuka humo vita, pembe, madeni na hesabu. Siku ambayo miguu ilimwambia basi, sikumbuki kuiona. Wanaume hatuiandiki siku hiyo.

Sababu yetu tulikuwa nayo, ila ilikuwa ndogo, na ndiyo maana tuliificha. Tulioana Makiso mwaka 1981, katika ofisi ya komine, yaani manispaa, tukiwa tunamaliza chuo kikuu hapahapa. Mimi nilivaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, kwa kuwa Mobutu alikuwa ameipiga tai marufuku. Yeye alivaa kitenge cha Sotexki, kiwanda cha Kisangani. Ofisa alituita citoyen na citoyenne, monsieur na madame zikiwa zimefukuzwa nchini pamoja na majina ya ubatizo, na cheti chetu hadi leo hakina jina hata moja la mtakatifu. Miaka 41 haina sherehe. Ile 40 ndiyo ilikuwa na sherehe, lakini ilitukuta wakati wa korona, tukaila kwa sombe, yaani kisamvu, na ugali kama siku nyingine. Mwaka uliofuata mama watoto aliamka asubuhi moja akasema, "Twende tukauone mto wakati bado tunapanda ngazi." Watoto wakachanga nauli. Mmoja alituma ujumbe kuuliza kama tuna hakika hatuumwi.

Safari yangu ya kwanza kuja huku, mwaka 1977, niliifanya juu ya lori. Bukavu hadi Kisangani kwa njia ya Walikale na Lubutu ni zaidi ya kilomita 600, na tope lilitushika siku tatu mahali ambapo hata jina sikulijua. Nililala juu ya magunia ya maharagwe nikafika mgongo mzima, nikaenda kucheza mpira. Safari hii nilikaa kwenye kiti chenye sponji, tukala na biskuti, kisha nikashuka ngazi za ndege kiubavu kama kaa.

Lakini si magoti yaliyonizeesha. Mimi na magoti yangu tunajuana. Nyumbani yanauma kila yanapopanda mlima wa Kadutu, wala sijioni mzee, naona mlima ndio umeinuka. Nyumbani mtu huzeeka pamoja na vitu vyake. Kiti kinaujua mgongo wako, swichi ya taa iko pale mkono unapofika, na mama watoto anajua dawa ya saa mbili na ya saa nne. Safari inakutoa katika kiota hicho na kukuweka juani mbele ya mtu asiyekujua, naye anasema alichokiona.

Hoteli yetu, ambayo sitaitaja, iko mitaa michache kutoka mtoni. Tulikuwa tumeomba chumba cha chini. Tulipewa ghorofa ya tatu, kwa sababu vya chini vilikuwa vimechukuliwa na watu wa semina, na katika nchi yetu hakuna mvi inayoishinda semina. Lifti hapana. Ngazi arobaini na nane; nilizihesabu siku ya kwanza, na sikuhitaji kuzihesabu tena.

Jioni hiyo, pale ngazi zinapogeuka baada ya ghorofa ya pili, nilisimama.

"Umechoka?" nilimwuliza mama watoto. "Pumzika kidogo."

"Mimi? Hata. Pumzika wewe, kama unataka."

"Mimi sijachoka."

"Basi twende."

Wala hatukwenda. Tulisimama pale kama watu kwenye kituo cha basi, kila mmoja akimngojea mwenzake aliyechoka apumzike.

Mchezo huo tumeucheza miaka kadhaa bila kuupa jina, ila ni Makiso nilipouona waziwazi, kwa sababu tuliucheza kutwa. Sokoni ananiambia, "Una kiu wewe," kisha anakunywa yeye kwanza. Kando ya barabara namwambia, "Miguu yako imevimba, tukae," na ninayewahi kukaa ni mimi. Kila mmoja ameubeba uzee wake akautua juu ya mgongo wa mwenzake, kwa heshima. Sijui kama ni mapenzi au ujanja. Baada ya miaka 41 sidhani kuna anayejua mpaka uko wapi.

Kiu nayo ilikuwa na hadithi yake. Daktari alikwishamwambia mama watoto kwamba kadiri mtu anavyokua, kiu huchelewa kubisha hodi. Mwili unakauka na ulimi hauna habari. Nyumbani, kwenye mita 1,500 na sweta asubuhi, nililisikia neno hilo nikalisahau. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, chini kwenye bonde la mto, na jasho lake halikauki. Linakukalia mwilini kama shati la pili. Jasho lisilokauka halipozi mtu, linamlowesha tu, ndipo mzee anapoanguka sokoni na watu wakasema amerogwa. Kwa hiyo tulikunywa maji kwa saa. Kila alipotazama mkono wake, nilipewa chupa.

Na maji yaingiayo hutoka. Vijana wakifika mji mgeni huulizia intaneti. Sisi tuliulizia vyoo. Mimi nina tezi dume ya umri wangu, na yeye kila asubuhi anameza kidonge cha presha, aina ile inayokimbiza maji mwilini. Kufika siku ya pili tulikuwa na ramani yetu ya Makiso. Kulikuwa na benki moja ambayo mlinzi wake alikuwa na huruma hadi saa sita mchana, akija wa zamu ya pili ni bure. Kulikuwa na mgahawa karibu na posta ambao lazima ununue soda, na soda, kama mnavyojua, inakurudisha palepale ulipoanzia. Kulikuwa na uani kwa parokia ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, kando ya mto, mahali safi kuliko pote. Matembezi yetu yote yalichorwa kwa nukta hizo tatu. Nimesoma waandishi wengi wa kigeni walioandika kuhusu mji huu, wakaja na kitabu cha Conrad mkononi wakitafuta moyo wa giza. Hakuna hata mmoja aliyeandika choo kiko wapi, na hapo ndipo ninapojua walikuwa vijana.

Hapa pia ndipo neno koko lilipoanza kunilipa. Hakuna mlinzi wa Kisangani anayemnyima koko choo. "Ingia, koko, pole pole, kuko giza." Foleni inafunguka. Kiti kinatoka ndani ya duka la mtu aliyekuwa hana kiti. Mama watoto aliligundua jambo hilo kabla yangu, akaanza kulitumia bila aibu. Siku ya tatu nilimwona akichechemea kuelekea kwenye foleni ya kubadilisha fedha, mguu ambao asubuhi ulikuwa mzima.

Pikipiki ndiyo ilikuwa mtihani wake. Sisi tulikuwa hapa kabla ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria zilizolisha mji huu wakati wa vita, na sasa toleka nazo zimesukumwa pembeni na pikipiki. Mwanamke wa miaka 64 aliyevaa kitenge hawezi kukaa kama mwanaume, na nyonga haimruhusu kukaa upande kwa muda mrefu. Dereva mmoja, kijana mwenye umri wa mjukuu wetu wa kwanza, aliizima pikipiki, akashuka, akaiinamisha kama mtu anayepigisha ngamia magoti. "Panda, koko mwanamuke. Mi niko hapa." Alimwendesha mwendo wa maiti. Mimi niliyekuwa nyuma kwenye pikipiki nyingine nilimwambia dereva wangu aongeze mwendo, nikajuta kwenye shimo la kwanza.

Siku ya tatu hiyohiyo tulianza kuwatafuta watu. Mama watoto alikuwa na majina saba kwenye daftari, wenzetu wa zile homu, yaani mabweni ya wanafunzi, wale waliobaki Kisangani au waliooa hapa. Tulidhani kuwatafuta kungechukua siku nzima. Kulichukua asubuhi tu. Wa kwanza sukari ilimmaliza. Wa pili hali kadhalika. Wa tatu yuko Kanada kwa mwanawe, hatoki ndani wakati wa baridi. Wa nne alikuwa mwenzangu wa chumba, na nyumbani kwake tulimkuta mjane wake.

Aliuawa Juni 2000. Msomaji aliyesahau nimkumbushe: kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi huo, majeshi ya Rwanda na Uganda, wageni wote wawili, yalipigana kwa mizinga katikati ya Kisangani, siku sita, juu ya vichwa vya watu. Raia waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, wengine wanasema zaidi ya elfu. Mwenzangu alitoka kutafuta maji. Mjane alituonyesha mfuko wa plastiki wenye karatasi zake: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, picha ndogo. Februari mwaka uleule wa safari yetu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilikuwa imeiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa vita vyake nchini mwetu, na yeye alikuwa ameutoa mfuko ule mvunguni, akaupangusa, akauweka karibu na mlango. Alikuwa na umri wa mke wangu. Alitembea kama mama yake.

Wa tano na wa sita sitawasimulia. Wa saba tulimkuta katika komine ya Mangobo, amekaa barazani anachambua majani ya mihogo, na hatukumtambua. Tulimsalimu kama mtu wa kuuliza njia. Yeye alitutambua kwa sauti, kabla hata hajainua macho. "Kumbe muko wazima," alisema, akarudia, "kumbe muko wazima," kwa mshangao ambao haukuwa wa furaha peke yake. Tuliongea Kilingala cha chuoni, na wajukuu wake wakacheka hadi wakakaa chini. Kumbe tulikuwa tunatumia maneno ambayo hakuna anayeyatumia tangu Mobutu aondoke. Sikujua kwamba lugha nayo inaota mvi.

Jioni ile dereva wa pikipiki, si yule wa Bangoka, aliuliza tunatoka wapi.

"Matanga," mama watoto akajibu.

Hakumdanganya. Na mji wenyewe ulikuwa umetoka kwenye matanga. Miezi miwili kabla yetu, Juni 2022, lilipita hapa jeneza lenye jino la Patrice Lumumba, kitu pekee cha mwili wake kilichorudi kutoka Ubelgiji. Kisangani ni mji wake. Aliwahi kuwa karani wa posta hapa, na ni hapa alipokamatwa mwaka 1959 baada ya mkutano wa chama chake. Picha zake zilikuwa bado zimebandikwa ukutani. Nilipokuwa mtoto Lumumba alikuwa mtu mzima mwenye miwani, baba wa watu. Aliuawa Januari 1961 akiwa na miaka 35. Nilisimama mbele ya picha moja karibu na posta nikaona kijana, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Ningekutana naye njiani angeniita koko.

Ofisi ya komine tuliiona Jumatano, dakika kumi zilitosha. Rangi ni nyingine. Mlango nadhani ni uleule. Nilimwita mama watoto "Citoyenne", akacheka cheko ambalo sijalisikia muda mrefu, na ofisa kijana akatoka kuona kuna nini. Alidhani tumefuata karatasi ya kuthibitisha kwamba tuko hai, ile wanayodaiwa wastaafu. Nusura nichukue moja.

Kisha maporomoko ya Wagenia. Nilitaka sana twende, na nilikuwa na sababu ya kiume: mwaka 1979 nilivuka yale mawe nikirukaruka mbele yake, kujionyesha. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametawanyika kwenye kilomita mia hivi za mto kutoka Ubundu, na la mwisho liko hapa mlangoni mwa mji. Wavuvi wa Kigenia hushindilia magogo makubwa katikati ya maji yanayochemka, wakayafunga kwa kamba za mwituni yasimame kama mafiga, kisha wakateremsha mitego yao iliyosukwa, mipana mdomoni, myembamba mkiani. Samaki akisukumwa na maji humo hawezi kugeuka. Asubuhi na jioni wanaume hupanda juu ya magogo hayo yanayotetemeka, wakavuta mitego. Maji yakipanda hung'oa kila kitu, nao huanza upya.

Mawe ni yaleyale, utelezi ni uleule. Vijana wawili walinishika, mmoja kila kwapa, bila kuniuliza. "Koko, weka muguu hapa. Hapa hapana." Nilifanya nilivyoambiwa. Mama watoto alibaki juu kwenye kivuli, akisema anaogopa jua. Nilimwamini nusu.

Chini kule nilimkuta mvuvi mmoja amekaa anasuka mtego, mikono ikienda yenyewe, macho yakiwa kwa wale waliokuwa juu ya magogo. Nilimwuliza kama bado anapanda. Aliniambia aliacha. Nilimwuliza ni lini, na ni nani aliyemwambia aache. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Siku moja, alisema, alifika asubuhi akakuta mwanawe ameshachukua kamba yake. Hawakuongea. Yeye akachukua kisu na fito, akakaa pale alipokaa. "Mutego nikisuka mimi, samaki hatoki," alisema. "Hao wanajua kupanda. Kusuka hawajui."

Nilirudi juu nikiwa nimeshikwa makwapa vilevile, na nilipofika nilimkuta mama watoto amepewa kiti, ndizi ya kuchoma na mtoto wa mtu wa kumshikia.

Kulikuwa na jambo moja tulilokuja nalo ambalo hatukulifanya. Ng'ambo ya mto, Lubunga, ndipo inapoanzia reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko. Inavuka ikweta njiani. Mimi na yeye tuliipanda mwaka 1979, kabla ya ndoa, bila kuwaaga wazazi wa upande wowote, na hatuna picha hata moja. Ni huko upande wa Ubundu, kwenye mto Ruiki, ambako mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen, habari ya mwanamume na mwanamke waliopitwa na ujana, ndani ya boti mbovu. Humphrey Bogart alikuwa na miaka 51 na Katharine Hepburn 44. Arobaini na nne! Mama watoto ana sufuria lenye umri wa karibu hivyo. Na bado Hepburn aliugua tumbo vibaya, huku Bogart akidai kilichomwokoa ni wiski aliyokunywa badala ya maji. Sisi hatunywi wiski.

Treni haikuwa na siku ya kueleweka. Vijana wa ng'ambo walikuwa tayari kutupeleka kwa pikipiki, njia ya msituni, kutwa nzima. Nilisema sawa, kesho. Siku iliyofuata nikasema mama watoto hakulala vizuri, kesho. Siku ya tatu yeye akasema mimi nakohoa, labda kesho. Tulikwenda kukaa kando ya mto nyuma ya kanisa kuu, tukaitazama Lubunga kwa mbali, mitumbwi ikipita imejaa baiskeli na matenga ya ndizi, tukala liboke, samaki wa kufungwa majanini, na lituma, ndizi za kupondwa, na hakuna aliyelitaja neno Ubundu. Miezi michache baadaye, Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka Lubunga, nyumba zikachomwa, watu wakavuka kwa maelfu kukimbilia upande huu. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilikuwa kitandani Bukavu. Mama watoto alikuwa macho pia. Hatukusema kitu.

Usiku wa mwisho umeme ulikuwa umekatika. Tulipanda kwa tochi ya simu, yeye mbele na mimi nyuma, mkono mmoja ukutani. Pale ngazi zinapogeuka baada ya ghorofa ya pili, alisimama.

"Umechoka?" akaniuliza.

Nilifungua kinywa kutoa jibu la kila siku. Sijui kilichonizuia, labda giza, kwa kuwa uso wangu haukuonekana.

"Ndiyo," nilisema. "Nimechoka, Mama."

Hakujibu. Alikaa. Alikaa haraka mno, chini kwenye saruji, kama gunia linaloshushwa begani, nikasikia pumzi yake ikitoka ndefu, pumzi iliyokuwa ikingoja ruhusa tangu Bangoka. Nikakaa pembeni yake. Tukazima tochi kutunza chaji.

Mtumishi wa hoteli alikuja akipanda na ndoo ya maji ya kuoga, nusura atukanyage.

"Koko! Kuko shida?"

"Hakuna," mama watoto akasema. "Tunapumuzika. Pita."

Alipita kwa kujibana ukutani, maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu changu. Alipofika juu alisimama, akaita kutoka gizani.

"Niwaleteye kiti?"

"Viwili," nikamjibu.